Chui wa Babu Mtandaoni

Fundi viatu alikuwa hata hajakaa sawasawa kwenye benchi, Wembe kinyozi akaanza.

"Jamani, leo kuna habari nzito! Yule chui wa babu yake huyu bwana hakufa!"

"Weee!" Mheshimiwa akaweka kikombe chini. Alikuwa tarishi mstaafu, ila koti lake lilimpa cheo ambacho ofisi ilimnyima. "Hakufa vipi, na sisi tunamzika hapa kila siku?"

"Nimesoma mwenyewe. Mpwa wake amefungua tovuti ya ukoo. Yote yamo humo: nani kamzaa nani, nani kaoa wapi, nani alikimbia nini."

Fundi akajifanya anatafuta sukari. Kijiwe kizima kilimwita Chui, na jina hilo hakuliokota. Alilipata kwa kumsimulia kila mgeni jinsi babu yake mzaa mama alivyomkaba chui kwa mikono mitupu. Kwa jina hilo alipishwa upande wa benchi wenye kivuli, na kwenye ubishi neno lake ndilo lililofunga mjadala. Leo binti wa dada yake, mtoto aliyembeba mgongoni mwenyewe, ameutangazia ulimwengu kwamba babu alikuwa mpishi wa wapima barabara, na kwamba chui alipoingia kambini, babu ndiye aliyetangulia kufika juu ya mti. Roho ilimuuma. Akinyang'anywa chui, angebaki na nini? Na visigino vya watu.

"Mtandaoni kumejaa uongo," akasema.

"Hapo umesema kweli," akajibu Wembe. "Na uongo wenyewe huu hapa, kwenye maoni. Sikilizeni: 'Mimi ni mzee wa siku nyingi. Nilimwona babu huyo kwa macho yangu akimkaba chui mpaka akakata roho. Aliyeandika haya aombe radhi.' Jina lake anajiita Shahidi wa Kweli."

"Si mnaona sasa!" Chui akachangamka. "Shahidi huyo!"

"Shahidi ana picha pembeni ya jina." Wembe akaizungusha simu. "Kofia hiyo naijua. Na benchi alilokalia, mbona kama nimelikalia mimi?"

Vicheko vikapasuka. Maskini Chui, alibadilisha jina, akasahau uso.

"Tovuti inasema chui alikuja mama yako hajazaliwa," Mheshimiwa akakazia. "Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Nilikuwa njiani nakuja."

"Njia ya mwongo fupi, bwana, ila yako imevunja rekodi!"

"Hebu mwacheni mtu na babu yake," akadakia Shangazi, mwenye birika la kahawa. "Nyinyi babu zenu walikaba nini?"

"Wangu alikabwa na mfupa wa samaki," akasema Mheshimiwa, "lakini sijawahi kujiita Mfupa. Natoa hoja: mwenzetu avuliwe jina. Kuanzia leo aitwe Tawi. Wanaounga mkono?"

Mikono ikapanda. Chui akaikodolea macho. Utani huo, ndiyo, lakini jina la utani likishashika halitoki hata kwa sabuni.

"Subirini, kuna na sauti hapa," akasema Wembe. "Tumalize kesi kwa ushahidi."

Chui hakujua kuhusu sauti. Kwa hasira alizokuwa nazo, alisoma mpaka kwenye mti akaishia hapo. Wembe akabonyeza, kikohozi kikatangulia, kisha kicheko cha bibi kizee.

Mama yake. Walimzika mwaka jana.

"...akapanda na mwiko wake mkononi! Akakaa huko juu mpaka kukacha, anamwamrisha chui aondoke!" Kicheko kikamkaba mwenyewe. Ikasikika sauti ya mpwa: "Bibi, mbona mjomba anasema alimuua?"

"Mwacheni mwanangu. Hakuyatunga yeye. Baba alikuwa akimpakata, anamwambia, 'Nilimshika hivi, nikambana hivi.' Mama yangu akipita, baba kimya! Akishapita, chui anakufa tena. Sasa huyu mwanangu akisimulia, mikono ni ileile, macho yaleyale. Nikimsikia yeye, namsikia baba. Msimkosoe."

Machozi yalimtoka Chui, naye hakuyaficha. Mwaka mzima alikuwa akijaribu kuikumbuka sauti ile, inamponyoka.

"Rudisha nyuma," akasema.

"Wapi? Kwenye mti?"

"Pale anapocheka."

Wembe akarudisha. Akarudisha tena bila kuombwa. Mheshimiwa akajikuta mkono wake bado uko juu, akaushusha polepole, akajikunia sikio.

Wakati huo akatokea mteja, kiatu mkononi, soli imeachama. "Nimeelekezwa kwa fundi anayeitwa Chui. Ndiye wewe? Kwa nini Chui?"

Chui akawatazama wenzake mmoja mmoja. Akafuta uso kwa kofia.

"Babu yangu," akaanza kwa unyonge, "alikuwa mpishi tu..."

"Mpishi aliyemkaba chui kwa mkono mmoja!" Wembe akamkatiza. "Kaa chini, ndugu yangu, usikie!"

"Mmoja?" mteja akashangaa. "Na wa pili?"

"Wa pili," akasema Mheshimiwa, akiweka koti lake sawa, "ulikuwa umeshika mwiko. Chakula kisiungue."