Pensheni ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nasema, wifi amekosea. Mimi si pambo la sebuleni! Mume wangu mwenyewe amesema leo, huku akinimenyea chungwa (mwezi wa pili wa ndoa na bado ananimenyea!), kwamba nina akili za waziri.

Basi zifanye kazi. Baba mkwe, mzee Moshi, ni mstaafu wa kiwanda cha nguo, alikuwa mtu wa boila, akichochea moto wa mvuke. Kila mwaka mfuko wa pensheni unataka wastaafu wafike wenyewe dirishani, waonekane wako hai. Mwisho Ijumaa. Asiyefika, malipo yanasimama. Na goti la baba mkwe limevimba kama papai. Wifi anahangaika kutafuta gari la kukodi. Gari la nini? Mume wangu na baba yake ni shilingi kwa ya pili!

Jumanne, 5 Machi

Somo la historia. Dirishani wanauliza mambo ya zamani ili kumtambua mtu. Nikamchua baba mkwe goti, huku namchokonoa. Akafunguka! Zamani, akasema, mtu akizeeka kiwandani alipewa mkono na blanketi, akalelewe na watoto. Ndipo serikali ikaanzisha mfuko. Kila mwezi karani alibandika stempu kwenye kadi yako. Vibarua na watumishi wa nyumbani waliachwa nje miaka mingi, mpaka walipogoma. Wajane wakakumbukwa mwisho kabisa. Nikamuuliza yeye aliupokeaje mfuko siku ya kwanza. Akakohoa. Akasema chai imepoa.

Nimemkaririsha mume wangu yote. Amekubali kwenda dirishani kama baba yake, kwa kuwa ananipenda. Wifi ametuchungulia, akasonya.

Jumatano, 6 Machi

Mungu wangu! Unga kichwani na kidevuni, koti la baba, miwani ya baba, fimbo. Mzee mzuri ajabu! Nikatuona tumezeeka pamoja, machozi yakanilengalenga.

Dirishani karani akauliza. Mume wangu akajibu, tena vizuri mno! Blanketi, stempu, vibarua, wajane. Foleni nzima ikageuka kusikiliza. Nikamkonyeza aendelee. Hapo ndipo akajisifu kwamba siku mfuko ulipoanza, yeye alikuwa wa kwanza kuchukua kadi.

Mzee mmoja nyuma yetu akacheka mpaka akashika ukuta. We Moshi, akasema, muongo mkubwa! Kadi yako si uliitupa ndani ya boila mbele yetu sote, ukapiga kelele kwamba pensheni yako ni wanao, mpaka karani wa kiwanda akakuandikia nyingine kwa lazima? Halafu mbona umerudi ujana?

Jasho likashuka. Unga ukawa uji. Karani akasema, kwa upole wa kutisha, kwamba malipo yamesimamishwa. Mwenyewe asipofika kabla dirisha halijafungwa Ijumaa, watahesabu kwamba amekufa nasi tunamficha.

Alhamisi, 7 Machi

Magari yote ya kukodi yamewahiwa na wastaafu wengine. Wifi analia: dawa za baba zinatoka kwenye pensheni ile ile. Baba mkwe hajagusa chakula. Alitutazama mimi na mwanawe muda mrefu. Akasema ni kweli, alitangaza wanawe ndio pensheni yake. Leo ameiona pensheni yenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Mume wangu akambeba baba yake mgongoni. Wifi mbele akisafisha njia kwa matusi, mimi nyuma na fimbo. Tukakuta pazia la dirisha linashushwa! Wifi akaingiza mkono wake mzima.

Karani akalowesha kitambaa, akamsugua baba mkwe kichwa. Mvi hazikutoka. Akavuta ndevu. Baba mkwe akamtukana tusi la kiwandani, la kizamani, refu. Karani akagonga muhuri: yu hai. Nikalia kwa furaha. Mume wangu alikuwa anahema kama simba. Simba wangu!

Jumapili, 10 Machi

Nimetubu kwa moyo wote. Sitampaka tena mume wangu unga.

Unga unayeyuka. Nywele za bandia haziyeyuki. Na kosa lilikuwa kumtuma mwanamume. Shangazi yake mume wangu, mjane, anakaa mji wa pili, uhakiki wa pensheni huko ni wiki ya mwisho ya mwezi, na macho yanamsumbua, maskini. Kimo chetu ni kimoja! Nimempigia simu nikamwambia asihangaike na foleni, atulie nyumbani: tutafika kumwona kabla mwezi huu haujaisha, na gauni lake jeusi asimpe mtu.