Nilivyowekwa Rehani kwa Muuza Ngozi

Wakuu, leo nimeaibika. Mchana kweupe, katikati ya Kariakoo, mama mkwe wangu akiwepo. Naandika nimejifungia chumbani na bado nanuka plastiki iliyoungua.

Wengi humu mnanijua kwa jambo moja tu: bei. Mtu akitaka friji, ananituma mimi. Akitaka mabati, mimi. Chenji nahesabu mara mbili, hata ya mama ntilie anayenilisha kwa mkopo. Sasa tangu mwezi uliopita nimepata ugonjwa mpya, kushona vitu vya ngozi. Si biashara, ni burudani tu. Nimeangalia video mpaka bando likaisha, nikanunua nyundo, uzi wenye nta na msharasi, kile chuma cha fundi viatu cha kutobolea matundu. Kilichobaki kilikuwa ngozi yenyewe. (Ndiyo, nilinunua kila kitu isipokuwa ngozi. Chekeni taratibu, bado tuko mwanzo.)

Mama mkwe yuko kwetu wiki ya pili, ametoka Masasi. Ni mtu wa maneno machache, na katika hayo machache mimi sijaambulia hata moja zuri. Jana mke wangu akamwambia kwamba Dar nzima hakuna anayejua kununua kama mimi. Mama akanitazama, akaendelea kumenya muhogo. Hapo ndipo nilipojichongea. Nikamwambia kesho twende wote Kariakoo akajionee: nitapata ngozi kwa bei ya kutupa, na kwa ngozi hiyo nitamshonea mkoba, kazi ya kwanza kabisa ya mikono yangu. Nilitaka arudi Masasi na mkoba begani na sifa zangu mdomoni. Basi. Sikutaka kingine.

Asubuhi tukakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu, njiani namfundisha. Nikamwambia kila unachouziwa kina kasoro, kazi yako ni kuitafuta kwa sauti. Ukishataja bei yako ya mwisho, geuka uondoke polepole, usitazame nyuma. Hufiki duka la tatu, utaitwa. Mama akauliza, "Na usipoitwa?"

Nikamjibu kwamba mimi huitwa.

Duka lenyewe liko nyuma ya soko, la Mzee Kanti, Mhindi aliyezaliwa mtaa huohuo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Anauza soli, gundi, nyuzi, na ngozi zilizoviringishwa kama mikeka. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, mama mkwe akapewa kiti. Nikachagua ngozi moja ya kahawia, nzuri mno. Nikaikunjia uso. Nikaipima kwa futi yangu mwenyewe, halafu nikaipima tena. Akataja bei. Nikacheka kile kicheko changu cha dukani, nikasema hii si ngozi, hii plastiki imepakwa rangi.

"Hiyo ngozi, bwana," akasema. "Ng'ombe wa Dodoma."

Nikatoa kiberiti. Kila mjanja wa mjini anajua jambo hili: ngozi halisi ukiigusisha moto inajikunja kidogo na kunuka nywele zilizoungua, lakini plastiki inayeyuka na kudondoka. Watu wawili watatu wakasogea. Nikaunguza pembe ya ngozi ya Mzee Kanti. Ikajikunja. Ikanuka nywele. Halisi kabisa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akalipa, akaenda zake. Lakini nikikubali, nimeishiwa kasoro. Kwa hiyo nikatangaza kwamba hiyo harufu ni hafifu sana, na kwamba anayetaka kujua ngozi ya kweli aangalie hapa kiunoni kwangu. Mkanda wa Italia. Nilimbana machinga mpaka akaniuzia ili niondoke. (Sasa najua kwa nini alitabasamu.)

Mzee Kanti akavaa miwani. Akautazama mkanda, akanitazama mimi.

"Basi choma na huo, tulinganishe."

Ningeweza kukataa. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa pale, mikono mapajani, macho kwangu. Nikaichomoa ncha ya mkanda kwenye kitanzi chake bila kuuvua, nikawasha njiti.

Haukunuka nywele. Haukunuka kitu chochote kilichowahi kuwa hai. Ulishika moto kama utambi, ukaanza kudondosha matone meusi, na moto ukawa unatembea kuelekea kitovuni kwangu bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda. Selemani, mkata ngozi wa dukani, akanimwagia alichokuwa nacho mkononi. Kilikuwa chai ya rangi. (Ilishapoa, nashukuru.) Nikaufungua mkanda, nikautupa sakafuni, watu watatu wakaukanyaga kwa pamoja.

Hapo sasa nikawa nimesahau suruali. Suruali hii niliinunua kwenye mitumba, imenizidi namba mbili, kwa sababu kubwa na ndogo zilikuwa bei moja na sikuona kwa nini nichukue kitambaa kidogo. Mkanda ndio uliokuwa unatusuluhisha. Ilifika magotini kabla mikono yangu haijafika kiunoni! Bukta nilivaa, tena ya timu. Rangi sizitaji, nusu ya kundi hili watajitoa.

Mama mkwe akageukia ukutani, kama adabu inavyotaka, akaanza kusoma kalenda ya duka. Aliisoma miezi yote.

Nikaipandisha suruali. Nimeishika kwa mikono miwili, nimelowa chai mbele, palepale mnapopafikiria. Mzee Kanti hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Akauliza tu bei yangu ni ngapi. Nikataja. Akakataa. Nikataja ya mwisho. Akakataa, hakushuka hata shilingi. Kwa hiyo ulikuwa wakati wa kuondoka. Nikageuka. Nikautazama mtaa: mikokoteni, wapiga debe, wanawake na vikapu vyao, watoto wa shule. Wakuu, aliyeshika suruali kwa mikono miwili hawezi kuondoka polepole bila kutazama nyuma. Nilipiga hatua moja, nikarudi.

"Karibu tena," akasema Mzee Kanti, kama vile nilikuwa nimetoka.

Ndipo mama mkwe akainuka. Akaishika ngozi kwa vidole viwili, akaonyesha makovu ya kupe hapa na pale, akataja bei yake. Ilikuwa chini ya yangu, chini mno, mpaka nikamwonea aibu. Mzee Kanti akasema, mama, haiwezekani. Mama akajitanda kanga vizuri, akatoka. Polepole. Hakutazama nyuma.

Mzee Kanti akamwita, "Mama, umemsahau mkwe wako."

"Sijamsahau," akajibu, yuko mlango wa duka la pili. "Kaa naye. Bei ikishuka nitakuja kumchukua."

Akapita duka la tatu. Akapita la nne. Kichwa chake kikapotea nyuma ya mkokoteni wa mabegi. Mimi nimesimama katikati ya duka kama mashine mbovu. Wateja wakaanza kuingia, wakawa wananizunguka. Mmoja akaniuliza bei ya gundi, nikamwambia, akalipa. Mwingine alichungulia mlangoni, akaniona nilivyo, akaenda duka la jirani. Akaja wa pili, akafanya vilevile. Mzee Kanti aliyaona hayo yote. Akatoka nje, akapaza sauti, akamwita mama mkwe kwa bei ya mama mkwe.

"Si kwa ajili ya ngozi," akaniambia aliporudi. "Unanizibia duka."

Mama akarudi. Kulipa nako kukawa kesi. Pochi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma, na hakuna mila ninayoijua inayomruhusu mama mkwe kuifuata huko. Akalipa kwa fedha zake. Selemani akanifunga kiunoni kwa kamba ya manila, fundo la mizigo, kama ninapakiwa basi la Masasi. Nikaweka ngozi begani, tukaondoka. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo alipozungumza.

"Baba Salma."

"Naam, Mama."

"Ule mkoba usijisumbue. Ngozi nimelipa mimi, nitampa fundi."

Nikasema sawa, Mama. Tukatembea kidogo.

"Ikibaki kipande," akasema, "jishonee mkanda."

Nisikilizeni sasa, hili ni ombi. Mama yuko sebuleni anamhadithia mke wangu. Tangu afike sijawahi kumsikia akiongea mfululizo hivi. Amefika kwenye kiberiti. Mwenye kujua namna ya kumkatiza mama mkwe kwa heshima aniandikie haraka, kabla hajafika kwenye bukta.