Kuku wa Kuchi Ndani ya Shiraa

Jumamosi, 1 Rajabu 1328

Mwezi umeandama na bahati yangu nayo! Bwana Gharib amekubali kuisikiliza posa yangu kwa binti yake Hadia. Sharti moja tu: Alhamisi nimpelekee Shamsa, kuku wangu wa kuchi, wale kuku warefu wa kupiganishwa, amtazame. Tangu afiwe na mkewe, Bwana Gharib hana raha ila kuku. Akimpenda Shamsa awe mke wa jogoo wake, mlango utafunguka. Asipompenda, atamsikiliza Mahmud, jirani yangu, ambaye naye anamtaka Hadia na naye ana kuku. Kuku gani! Miguu kama njiti.

Sikai, silali. Nimeshika sindano nishone kofia, nikajidunga mara tatu.

Jumapili, 2 Rajabu

Balaa! Shamsa ana vidonda usoni. Kimoja kwenye kope, viwili pembeni mwa mdomo, vingine juu ya upanga wake wa kichwani. Nimejua papo hapo: amedonolewa na jogoo wa Mahmud. Nikaenda barazani kwake nikamwambia mbele za watu. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, jogoo wake ameruka vipi ukuta unaowashinda wezi. Nikamjibu kwamba jogoo hufuata tabia ya mwenyewe. Watu wakacheka sana. Nusu ya njia kurudi nyumbani nikaanza kushuku walikuwa wakinicheka mimi.

Jumatatu, 3 Rajabu

Si jogoo, ni jicho! Juzi Mahmud alimsifu Shamsa bila kusema mashaallah. Nimemfukiza ubani mpaka akapiga chafya, na mimi pia.

Moshi ukamshusha shangazi Mwanamkisi kutoka juu. Ni dada wa marehemu baba, mjane, tunaishi sisi wawili. Akampakata kuku na kumwangalia mahali pasipo manyoya. Akasema jeraha la kudonolewa huwa bichi na jekundu, na hivi ni vigaga vikavu, vyeusi. Akamnusa, hana harufu ya mafua. Akamfunua mdomo, ndani safi, akashukuru Mungu, maana ungekuwapo utando mweupe ungeshuka kooni na kumziba pumzi. Basi ni ndui ya kuku. Tiba yake: atengwe na wenzake, aoshwe kwa maji ya chumvi yaliyo vuguvugu, apakwe mafuta ya nazi, asibanduliwe kigaga hata kimoja. Wiki tatu.

Wiki tatu! Nikamkumbusha kuna Alhamisi. Akanikataza, “Mwate kuku wa watu, Bwanamkuu. Vitapukutika vyenyewe.”

Jumanne, 4 Rajabu

Nimevibandua. Kwa sindano ya kofia. Damu! Palipokuwa na kigaga pana shimo, na jicho moja limevimba likafunga. Shangazi ameninyang'anya sindano. Kuku ananitazama kwa jicho lililobaki, na simpendi anavyonitazama.

Jumatano, 5 Rajabu

Nimepata! Kuchi ni miguu. Mjuzi wa kuku huanza na miguu. Nitamwonyesha Bwana Gharib miguu tu, uso nimfunike kitambaa, niseme ana haya.

Liko tatizo moja. Mahmud hushinda barazani kwenye njia ya kwa Gharib. Akiuona uso huu, habari zake zitafika kwa Gharib kabla yangu. Lakini tangu buibui ziingie mjini, shiraa ya shangazi imelala sandukuni, nguo pana ya kumficha bibi wa watu anapopita njiani, juu ya fito mbili. Mimi nishike mbele, Twahir, mtoto wa mjomba wangu, nyuma, tenga la kuku lining'inie katikati. Nani hapa mjini Amu atathubutu kuchungulia ndani ya shiraa? Twahir amekataa mara mbili. Nimemwahidi kofia.

Alhamisi, 6 Rajabu

Nashindwa kuandika. Naandika.

Tulitoka alasiri. Ajabu ya Mungu! Wazee wakasimama, wakageuza nyuso ukutani kwa heshima ya bibi aliye ndani. Mahmud naye! Niliona kisogo chake kwa raha isiyo kifani.

Tukafika. Bwana Gharib akatuona, naye akageukia ukuta, akaita wanawake wa nyumba waje kumpokea mgeni. Hilo sikulifikiria. Wakaja mlangoni, wakamkaribisha mgeni mara tatu. Mgeni kimya. Bwana Gharib akauliza, bado ameukabili ukuta, ni nani huyu niliyemleta. Nikasema ni shangazi.

Shangazi akachungulia kutoka ndani. Alikuja mapema kuzungumza na wenye nyumba!

Sauti ya Bwana Gharib ikabadilika. Akasema mama yangu ni marehemu, dada sina, shangazi huyu hapa. Mwanamke anayebaki ni mmoja tu. Basi nina mke wa siri, na nimemleta mpaka mlangoni kwa binti yake!

Nifanye nini? Nikaifunua shiraa. Twahir akashtuka, akaachia fito. Tenga likaanguka, Shamsa akatoka, kitambaa kimemvuka, uso mweusi, jicho moja, akakimbilia uani katikati ya kuku wa Bwana Gharib na kunywa maji yao. Bwana Gharib akauliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, ile ni nini usoni. Nikasema ni haya.

Jumatano, 19 Rajabu

Nimenyamaza siku kumi na tatu kwa aibu. Nikipita, watu hugeukia ukuta.

Shamsa yuko kwa shangazi, chumvi na mafuta kila siku. Lakini jogoo wa Bwana Gharib ametoka vidonda. Bwana Gharib amemwita shangazi amtibu, na sasa kila alasiri shangazi huenda. Jogoo mmoja, na matibabu yanakwenda mpaka magharibi.

Jumamosi, 29 Rajabu

Vigaga vya Shamsa vimepukutika vyote. Jogoo naye anaendelea vizuri.

Leo posa imeletwa nyumbani kwetu! Nilivaa kanzu mpya kabla mjumbe hajamaliza salamu. Bwana Gharib anamposa shangazi. Shangazi karidhi. Na walii wake, aliyebaki katika ukoo mzima, ni mimi. Bila neno langu hakuna ndoa.

Shangazi akaniketisha. Akasema nitoe idhini kwa moyo mweupe, bila neno la ziada, naye akishaingia nyumba ile atanisemea kwa Hadia. Hadia mwenyewe, anasema, hakucheka siku ile, alinionea huruma. Nivute subira tu, akasema, hadi Ramadhani iishe.

Hadi Ramadhani iishe! Na Mahmud je, atakuwa amelala? Shangazi alipopanda juu kuswali nimemtuma Twahir kwa Bwana Gharib na neno langu: ampate shangazi akinipa Hadia, la sivyo afe bila mke. Nimemwambia aende mbio, kabla shangazi hajatoa salamu ya kumaliza swala.