Mwalimu wa Neno Moja

Jumatatu, 5 Machi 2018
Mdomo wangu utaniua. Karambu wa ofisi ya utalii ya kaunti amechaguliwa kuwakaribisha wageni kutoka Uhispania Jumamosi. Akasema, mbele ya Gichuki wa duka la mabati, kwamba anatamani kujua Kihispania kidogo. Gichuki hakijui. Basi nikasema mimi nakijua! Eti niliishi na wahandisi wao. Ukweli: najua neno moja, korason, yaani moyo. Nimelitoa kwenye tamthilia za runinga ya hotelini. Masomo yanaanza kesho.

Jumatano, 7 Machi
Jana nilifundisha korason ya mapenzi, ya ujasiri, na ya katikati ya mji. Kwenye mapenzi nilimwangalia sana. Aliandika tu. Leo nimeleta korason yenyewe, ya mbuzi, kutoka bucha ya Lobokat. Akauliza "karibuni" husemwaje. Nikamwambia Wahispania humaliza neno moja kwanza. Akasema ananiamini, na kwamba akifanya vizuri huenda akaajiriwa kabisa. Bado ni kibarua. Nikaona haya. Lakini si haya ya kutosha. Moyo nikamwachia. Ataelewa.

Alhamisi, 8 Machi
Ameukaanga na vitunguu. Nimemkuta Gichuki anaula! Nikakaribishwa. Nikala. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 10 Machi
Sitaki hata kuandika. Karambu alisimama mbele ya mkubwa wake na wageni, akaweka mkono kifuani, akasema korason. Wageni wakatabasamu, wakangoja. Akanitazama nimsaidie. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa malapa! Gichuki ndiye aliyepiga makofi, akasema karibuni kwa Kiswahili, na dereva wao akatafsiri. Mimi nilitorokea nyuma ya hema.

Jumapili, 11 Machi
Baada ya kanisa nimeenda kwake mtaa wa Wabera kuomba msamaha. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema uongo angeusamehe, lakini kule kuinama, hapana. Nilitaka ardhi inimeze. Sijawahi kujionea aibu hivi. Nikaapa kimyakimya sitadanganya tena, nikafungua mdomo niseme nisamehe.
Ndipo akasema mkubwa wake amempa nafasi ya mwisho. Mwezi ujao wanakuja Wafaransa, na safari hii atatafuta mwalimu wa kweli.
Nikamwambia asisumbuke kutafuta. Kifaransa ndicho nilichosomea.