Soseji za Mkutano Mkuu Zisihamie New York

Esslingen, katikati ya Machi

Kwa Mheshimiwa Daktari Brändlinger,
Mwenyekiti wa Bodi, Kiwanda cha Pampu cha Brändlinger

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, nawe umeshapata kifungua kinywa, maana sitaki uyasome haya ukiwa na njaa. Mimi ni Hannelore Schäuffele, mjane, mwanahisa wenu tangu enzi za marehemu baba yako. Nimepokea tangazo kwamba hisa zetu zitahamishiwa soko la New York, ati wawekezaji wa kule wanalipa bei nzuri zaidi, na kwamba kuanzia mwaka huu mkutano mkuu utafanyika mtandaoni. Nimelisoma, nikaketi, nikalisoma tena. Malalamiko yangu ni haya.

1. Soseji. Kila mwaka, hesabu zikishasomwa, wanahisa tulipewa soseji mbili, saladi ya viazi na haradali, na kila mwenye akili alikuja na kibakuli chake chenye kifuniko ili jioni asiwashe jiko. Sasa kompyuta itanipa nini? Yangu nimeikagua mbele na nyuma; haina hata pa kutokea haradali.

2. Mjukuu wangu Svenja, anayefanya kazi benki huko Frankfurt, ananicheka. "Bibi, amka! Ulaya imelala fofofo. Pesa ziko Amerika, hebu ona huu mstari unavyopanda!" Nikamwuliza, "Na huo mstari unaliwa?" Akashika simu yake. Sikatai, hisa za Amerika zimepanda. Lakini zimebebwa na makampuni machache makubwa ya kompyuta. Hayo yakijikwaa, soko zima linaanguka nayo. Hisa zetu ni za bei nafuu ukilinganisha na faida, na gawio letu ni nono. Tena dola ikishuka, faida ya huko inayeyuka kabla haijavuka bahari. Wao wananunua ndoto kwa bei ya jumba. Sisi tunanunua pampu kwa bei ya pampu, na chakula juu yake.

3. Mwaka ule mpishi alipotia mayonezi kwenye saladi badala ya mchuzi wa nyama, hisa zetu zilishuka wiki ile ile. Bwana Gebhard Maisch, mwanahisa kutoka Ulm, alisimama akatumia haki yake ya kuuliza, na kwa sheria ilibidi bodi nzima imjibu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, haya mafuta ya nini? Mnataka kutuua ili mlirithi gawio letu?" Ukumbi mzima tulivunjika mbavu. Mwaka uliofuata mchuzi ukarudi, na bei ikapanda. Kwa hiyo naomba Benki Kuu ya Ulaya iache kuhangaika na riba, iyapime masoko kwa saladi. Na Wamarekani wanaozitaka hisa zetu walazimishwe kuja Esslingen, wakae kwenye viti vyetu vya mbao, wale wamalize, ndipo wanunue.

4. Hili ningependa lisisomwe mbele ya bodi. Bwana Maisch huniwekea kiti kando ya kipasha joto kwa kutandika koti lake. Hula saladi taratibu, soseji zake hunipa mimi, huku akisema, "Ulaya, Bi. Schäuffele! Ulaya tu!" Kisha huyo, anakimbilia treni ya Ulm. Miaka yote hii tunaitana Bwana na Bibi, na namba yake ya simu sijapata kuiomba. Mwanamke wa heshima ataombaje namba mdomo umejaa haradali? Mkiufunga ukumbi sitamwona tena, wala sina pengine pa kumtafuta. Nimeshasema, na inaniuma.

5. Kura yangu ni Hapana. Kama kompyuta ina kitufe cha Hapana Kabisa, nitabonyeza hicho.

Nisalimie bodi yote, mhasibu mwenye kikohozi, na akina mama wa jikoni, hasa yule mwenye mkono mpana wa kugawa.

Wako katika pampu,
Hannelore Schäuffele

Tanbihi: Mheshimiwa, nilikuwa natafuta stempu kengele ya mlango ikalia. Bwana Maisch! Kumbe mwaka jana tulibadilishana vibakuli bila kujua, vyote vya buluu, na mimi changu nimekibandika jina na anwani chini ya kifuniko, kama tufanyavyo wengi, ingawa chake hakina, ili majirani wa mezani wasijisahau wakavibeba. Anasema tangu hapo amekuwa akikiosha na kukikausha, moyo ukimsita. Tangazo lenu ndilo lililompandisha kwenye treni. Ndani yake ameniletea soseji mpya. Nikala mimi, yeye akanywa kahawa, na sasa tunaitana Hannelore na Gebhard. Nikamwuliza atapiga kura gani. Akawa mwekundu hadi masikioni.

"Hannelore, usinicheke. Akiba yangu yote iko Amerika tangu zamani. Kwa Brändlinger nina hisa moja tu."

"Weee! Moja? Ya nini sasa?"

"Ya kuingilia ukumbini. Na soseji, kusema kweli, sizipendi hata kidogo."

Basi hamieni New York kwa heri. Kura yangu ni Ndiyo. Mkutano tutautazama hapa kwangu, na kompyuta moja inatutosha.