Hatua Elfu Hamsini Nyuma ya Bafu

Jumatatu, 3 Juni

Mwezi wa nne wa kustaafu. Daktari kasema presha inapanda, nitembee hatua elfu nane kila siku. Elfu nane! Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa ugavi, na kila nilichohitaji kililetwa mezani. Binti yetu kanitumia saa ya mkononi ya kuhesabu hatua. Leo imesoma mia nne na kumi, nyingi za kwenda jikoni.

Jirani yetu, mwalimu wa michezo mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Filimbi, ana chama cha wastaafu wanaotembea. Kila jioni wanasomeana saa langoni kwake. Atakayeongoza hadi Jumanne ya wiki ijayo ndiye mwenyekiti. Yeye anapata elfu kumi na mbili bila kutoa jasho. Mke wangu kasema nimwige. Nimwige! Mtu wa kaptula!

Kazi moja nimepewa. Chumba cha wageni kina mashine ya kutotolea vifaranga ya mke wangu: mayai mia mbili na arobaini, leo siku ya saba kati ya ishirini na moja. Umeme unakatika ovyo. Mayai yakipoa yamekufa, na mradi wake umekufa. Kaniomba nichague jenereta wiki hii hii. Amekuja kwa mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Madukani. Muuzaji kanionyesha jenereta ya bluu, kimya kabisa, umeme wake umetulia, tangi likijaa inafanya kazi siku nzima. Kateleza ulimi akasema Filimbi alinunua kama hiyo mwaka jana. Nikaikataa papo hapo.

Pembeni kulikuwa na nyekundu, ndogo, yenye kelele. Alipoiwasha ilitikisika mpaka ikasogea yenyewe sakafuni. Nikaiegemea kwa mkono kumsikiliza. Baadaye nikatazama saa. Hatua mia sita! Nimesimama palepale kama mlingoti!

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimebaki chache lakini zinafanya kazi.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu kamleta fundi umeme atushauri. Fundi kasema ya bluu, bila kufikiri. Nikamweleza kwamba ununuzi una taratibu. Nimeunda kamati ya tathmini: mwenyekiti mimi, katibu mimi, wajumbe mimi. Vigezo: uimara, rangi, mtikisiko. Fundi akauliza mtikisiko unasaidia nini. Nikamjibu kuwa hayo ni mambo ya ndani ya kamati.

Nyekundu imeshinda kwa kauli moja. Mke wangu akasema haya, baba watoto, wewe ndiye mwenye uzoefu. Nilivimba kichwa jioni nzima.

Ijumaa, 7 Juni

Jenereta nimeiweka nyuma ya bafu. Saa nimeifunga kwenye mpini. Nikaketi kivulini na gazeti. Hatua elfu ishirini na mbili kabla ya chakula cha mchana!

Mke wangu akatokea, akauliza mbona jenereta inanguruma na umeme upo. Nikamwambia injini mpya lazima ifanyishwe mazoezi. Akasema hata mimi ningefanyishwa. Nikafunua ukurasa wa gazeti. Mtu mzima hajibishani na kila neno.

Jioni langoni wanachama waliisoma saa yangu mara mbili. Filimbi alipauka. Raha iliyoje!

Jumapili, 9 Juni

Elfu arobaini na moja. Filimbi kaniuliza natembelea njia gani maana hajawahi kupishana na mimi. Nikasema njia ya nyuma. Si uongo. Akauliza mbona viatu vyangu havina vumbi. Nikasema navifuta. Huo ndio uongo.

Mke wangu kanikumbusha dumu la petroli linakaribia kuisha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ugavi ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 11 Juni

Nimetawazwa saa nne asubuhi, sebuleni kwa Filimbi. Wanachama kumi na mmoja wakipiga makofi, Filimbi mwenyewe kanivisha kofia ya mwenyekiti. Saa sikuivaa. Nilikuwa nimeiacha mpinini, jenereta ikiunguruma, niweke rekodi ambayo hakuna atakayeifikia.

Katikati ya hotuba yangu, feni ikasimama. Umeme umekatika. Sikujali. Nilikuwa bado kwenye utangulizi.

Kisha mke wangu akaingia mbio, kanga moja begani, mikono inanuka petroli. Jenereta imezimika yenyewe. Tangi kavu. Dumu kavu. Kituo cha mafuta hakiuzi, pampu zao nazo zinataka umeme. Mayai yanapoa. Alisema yote hayo akimtazama Filimbi, si mimi. Hilo liliniuma.

Filimbi akasimama. Akapuliza filimbi, chama kizima kikahamia kwetu. Wawili wakabeba mashine, wengine trei saba za mayai zikiwa zimefunikwa blanketi, hatua fupi fupi, hakuna kutikisa. Na mimi nikabeba trei moja. Kwa Filimbi, kwenye jenereta yake ya bluu, ni nyumba ya tatu tu kutoka kwetu, nikapumzika mara mbili. Kazi ya mwenyekiti ni kusimamia.

Filimbi akarudi kujaribu jenereta yangu, labda kulikuwa na tone limebaki. Akaikuta saa mpinini, akatuletea. Akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayetangaza matokeo ya mtihani: hatua elfu hamsini na saba, mia mbili na sita. Nyuma ya bafu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu akageuka, akaenda kuyapanga mayai. Afadhali angepiga kelele.

Kofia wameichukua.

Jumatatu, 17 Juni

Vifaranga wametotolewa mia mbili na kumi na tisa, wote sebuleni kwa Filimbi, chini ya umeme wa ile ya bluu. Mtaa mzima umekwenda kuwaona. Mimi nimewasikia nikiwa nje ya ukuta wake.

Mke wangu anakwenda kule alfajiri, anarudi jioni. Kati ya hapo anatembea na chama. Elfu tisa jana. Amependeza, na nimeshindwa kumwambia.

Leo nikamuuliza mashine inarudi lini nyumbani. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akajibu kwa upole kwamba itabaki kule mpaka nyumba hii ipate mtu wa kutegemewa umeme ukikatika. Hakusema jenereta. Alisema mtu. Akatoka.

Nimekaa nikayatafakari maneno hayo mchana kutwa, na nimemwelewa vizuri kabisa.

Anataka jenereta kubwa zaidi. Kesho asubuhi kamati inakaa.