Kamati ya Kukagua Kikosi Kikiwa Kimekaa

Chuo chetu kinayo furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia ya mpira wa kikapu, kikosi cha kwanza cha wanafunzi kimetathminiwa kwa ajili ya msimu ujao bila mpira hata mmoja kudundwa. Kelele hazikuwapo. Jasho halikumwagika. Kama kuna chuo kingine kilichowahi kufika hapo, kijitokeze.

Mwenyekiti wa Kamati iliyofanya kazi hiyo nilikuwa mimi. Kwa kawaida mimi ni Msimamizi wa Samani: viti, meza, makabati, na ile mimbari ya ukumbini inayoegemea upande mmoja. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, kwa kukalia viti vingi na kuwa na subira. Siku hizi naweza kuingia darasani, nikasikiliza kiti kinavyolalamika, nikajua ni mguu upi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nyumbani kwangu hakuna anayekiona kipaji hicho.

Mkuu wa Chuo aliponiita ofisini nilidhani kiti chake kimeanza tena.

"Keti," aliniambia. "Msimu uliopita timu yetu ilifungwa na kila aliyepita njia. Nataka nijue nani abaki, nani aondoke. Si wewe ndiye mtaalamu wa tathmini?"

"Ya samani, Mkuu."

"Tathmini ni tathmini. Wewe mtu mtulivu, huna papara. Wape vijana daraja kama unavyovipa viti: anafaa, arekebishwe, hafai. Na hilo neno la mwisho msilipake asali. Mtu hafai, semeni hafai. Sheria ni msumeno."

Mkuu anaipenda sana methali hiyo. Sehemu ya pili, ile inayosema msumeno hukata mbele na nyuma, huwa anaiacha kwa kubana muda.

Nilimkumbusha kwa upole kwamba kazi itafuata Kanuni ya Kukaimu, naye akasema bila shaka. Kanuni hiyo niliitunga mimi, enzi zile wakuu wa idara walipokuwa wakifukuzana kama kuku na mwewe. Inasema hivi: anayependekeza mtu aondolewe, ataishika nafasi hiyo yeye mwenyewe, mpaka naye atathminiwe na kuonekana hafai, hapo mwenye nafasi yake atarudi. Ilituliza watu sana. Mkuu aliitia kwenye fremu, ikatundikwa kando ya picha yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeisoma.

Wajumbe wenzangu walikuwa Mkutubi, Bwana Ratiba ambaye hupanga vipindi, na Mlezi wa Bweni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugusa mpira wa kikapu. Jambo hilo tulilihesabu kuwa ni dhamana ya kutopendelea upande.

Aliyekuja kupinga ni Kocha, mwanamke mwenye sauti iliyozoea viwanja.

"Kaka, njooni uwanjani jioni moja tu muwaone wakicheza."

"Dada yangu," nikamwambia, "kiti hakikaguliwi kikiwa na mtu juu yake. Gari halipimwi magurudumu likiwa linakimbia. Na mchezaji vilevile. Tutawakagua wakiwa wametulia."

"Wametulia vipi?"

"Wamekaa."

Kocha alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Kisha akasema, "Haya. Kazi kwenu," akaondoka huku filimbi ikimning'inia shingoni.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Mfupi kuliko wote kikosini, kijana wanayemwita Kishada kwa jinsi anavyopaa, ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Nafasi ya masomo aliipata kwa ajili ya mpira. Jina lake lisiposajiliwa ligini, hana chuo. Asubuhi ya tathmini dada alinipigia simu.

"Mdogo wangu, nasikia leo unamkagua mwanangu kama kabati."

"Kama kiti, dada. Makabati yana mwongozo wake."

"Nimekubeba mgongoni mimi."

"Nakumbuka, dada."

"Ukikumbuka, nisimwone mlangoni kwangu na begi." Akakata simu.

Nilitangaza undugu huo mbele ya Kamati, kama inavyotakiwa. Wajumbe walijadiliana kwa kina wakaamua kwamba, zamu ya Kishada ikifika, nigeuze kiti changu nitazame ukuta.

Tathmini ilifanyika katika chumba cha mikutano. Katikati tuliweka kiti kimoja, imara, nilichokichagua mwenyewe. Wachezaji watano wa kwanza waliingia mmojammoja, wakakaa, nasi tukawazunguka.

Nahodha, kijana mrefu wanayemwita Mlingoti, alikuwa na kosa lililoonekana tangu mlangoni, kwani alilazimika kuinama ili aingie. Mlezi wa Bweni alieleza kwa uchungu kwamba usiku miguu ya kijana huyo hutokeza nje ya kitanda, na wenzake hujikwaa. "Haendani na majengo," alisema. "Hafai."

Wa pili hakuacha kupigapiga vidole magotini. Mkutubi alifumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. "Kelele," alinong'ona. "Hafai."

Wa tatu alikuwa amefika kabla ya muda wake. Bwana Ratiba alisema mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko anayechelewa, maana anayechelewa unamtarajia. "Hafai."

Wa nne ilikuwa zamu yangu kuamua. Nilimpa kalamu, akaipokea kwa mkono wa kushoto. Nilimhurumia, lakini viti vyote vya chuo chetu vina kibao cha kuandikia upande wa kulia, na haiwezekani kubadilisha viti vya chuo kizima kwa ajili ya kijana mmoja. Nilisema hafai, kwa sauti ya chini, ili lisimuume.

"Lakini mzee, mimi ndiye niliyefunga pointi nyingi kuliko wote," alisema.

"Hongera," nikamwambia. "Mwite anayefuata."

Nikageuza kiti changu ukutani.

"Shikamoo, mjomba," nilisikia nyuma yangu.

"Marahaba. Usinizungumzishe, nimejitenga."

Niliutazama ukuta. Rangi yake inahitaji kupakwa upya. Kiti kikaanza kusema: kri, kri, kri. Sikuhitaji kugeuka. Ni goti la kulia, lilikuwa likitikisika, kama lilivyotikisika tangu akiwa mtoto kila alipokatazwa kutoka nje kucheza. Nyuma yangu Mkutubi alisema arekebishwe, Bwana Ratiba akasema anafaa, Mlezi wa Bweni akasema hafai. Tukakwama. Mlango ukafunguliwa, ikasikika sauti ya Mkuu.

"Bado tu? Nani huyu? Huyu mfupi? Kikapu kiko juu, jamani, mnasubiri nini? Na mguu huo mbona unatetemeka? Mimi mwenyewe nasema hafai. Sheria ni msumeno."

Mlango ukafungwa. Kiti kikanyamaza.

"Mjomba?" aliita Kishada.

Nilikuwa na mambo kadhaa ya kumwambia. Lakini bado ilikuwa zamu yake, na mimi bado nilikuwa nimejitenga.

Siku ya mechi ya kujipima nguvu, chuo jirani kilileta timu yake na wazazi wakajaa. Mkuu alikaa mbele kabisa, suti ya kijivu. Dada yangu alikaa safu ya tatu, na begi la Kishada liko miguuni pake. Hakunisalimu.

Kocha alikuja mpaka tulipokaa akiwa na jezi tano mkononi.

"Wakubwa zangu, wageni wanapasha misuli, na mimi hizi hazina watu. Wachezaji wa akiba hamjawatathmini, kwa hiyo hawaruhusiwi. Ofisa wa ligi yule pale mezani. Atasajili watakaokuwa uwanjani mechi ikiisha. Nani anacheza?"

Mtu akitunga kanuni hawezi kujifanya haijui, ingawa nilijaribu kwa muda mfupi.

"Mkuu," nilisema, "kwa mujibu wa Kanuni ya Kukaimu, waliopendekeza ndio wanaoshika nafasi. Mlezi wa Bweni ni Kaimu Nahodha. Mimi ni Kaimu Mshambuliaji wa Kushoto. Na Kishada..."

"Kishada nani alimwondoa?" aliuliza Kocha, ambaye alijua.

Mkuu alitazama nyuma. Wazazi walikuwa wakisikiliza. Katika hotuba zake zote amekuwa akitueleza kwamba enzi zake alicheza sana mpira wa kikapu, na siku hiyo ndiyo tuligundua kwamba watu walikuwa wakimwamini.

"Mkuu! Mkuu! Mkuu!" wakaanza wanafunzi.

"Sheria ni msumeno," alisema, safari hii polepole zaidi, akavua koti. Bukta ya Kishada ilimfika pale ilipoweza.

Sasa nieleze mchezo wenyewe, kwa haki. Mlezi wa Bweni aliruka juu mara moja, akasema inatosha. Mkutubi, kila watazamaji walipopiga kelele, alisimama kuwawekea kidole mdomoni. Bwana Ratiba alikuwa mahali sahihi kila wakati, isipokuwa mpira ulikuwa umeshaondoka. Nami mpira uliponifikia niliukumbatia na kuanza kutafuta mtu wa kumkabidhi. Niliyempata kwa karibu alikuwa mchezaji wa wageni, kijana mwenye adabu, akaupokea kwa mikono miwili.

"Mjomba, dunda!" Kishada alikuwa akipiga kelele kutoka pembeni. "Usitembee nao kama unapeleka faili!"

Lakini aliyeteseka zaidi ni Mkuu. Mara ya kwanza alipopata mpira, kijana mmoja wa wageni alimkaribia, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Mkuu, akinyanyua mkono kama anavyofanya siku zote. Mpira haukuwapo tena.

Habari ilienea upesi kwa timu ya wageni. Mkuu akigusa tu mpira, anatokea kijana. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Goli. Alijaribu kutoitikia, uso ukamwiva; mtu aliyeamkiwa shikamoo maisha yake yote hawezi kuimeza marahaba kooni. "Marahaba, marahaba, mwanangu," alisema mwishoni, hata kabla hajasalimiwa, akautoa mpira mwenyewe.

Mapumziko yalipofika tulikuwa hatujapata goli. Tulianguka kwenye benchi. Kocha alitugawia maji.

"Kwa Kanuni yenu," alisema, "wakionekana hawafai, wenyewe wanarudi. Mwenyekiti, kazi kwako. Na leo, kaka, umewaona wakicheza."

Nilianza na nafsi yangu. Nilijitathmini hafai bila mjadala, na ni kweli kwamba katika utumishi wangu wote sijawahi kufikia uamuzi haraka vile. Wajumbe wenzangu nao walipokea neno hilo kwa furaha. Mkutubi alisema ahsante. Vijana wanne walikuwa wameshasimama, wanaruka palepale walipo, jezi mkononi.

Akabaki Mkuu.

Lazima nieleze kwamba katika chuo chetu neno hilo halijawahi kuwekwa jirani na jina la Mkuu. Hata kiti chake, kilipovunjika mguu, nilikiandikia kwamba kimepata uzoefu wa kutosha.

"Mkuu wetu," nilianza, "ana uwezo mkubwa, ambao, katika mazingira mengine..."

"Hiyo si hafai," alisema Kocha.

"Mkuu anahitaji... kurekebishwa kidogo..."

"Akirekebishwa anaendelea kucheza," alisema Kocha. "Kipindi cha pili kinaanza."

Mkuu alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. "Sema tu," alinong'ona. "Nakusihi."

"Siwezi, Mkuu. Nakuheshimu mno."

"Nakuamuru unidharau!"

Nilimtazama. Kisha nikatazama safu ya tatu. Dada yangu alikuwa amelishika begi kwa mikono miwili, na kando ya uwanja Kishada alikuwa amekaa chini peke yake. Goti lake la kulia lilikuwa halitikisiki hata kidogo. Nikasema moyoni kwamba kwa fundi yeyote wa viti, kimya cha namna ile ndicho kibaya.

"Hafai," nilisema.

"Sauti!" alisema Mkuu. "Ofisa wa ligi hajasikia!"

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Hata mbwa wangu huitwa na mke wangu. Lakini nilisimama juu ya benchi, benchi ambalo nilikuwa nalijua vizuri, na nikapiga kelele mpaka uwanja mzima ukageuka: "Mkuu wa Chuo hafai!"

Mkuu alifuta jasho, akanivuta bukta.

"Ongeza 'kabisa'," alisema. "Wasije wakakata rufaa."

"Kabisa!" nikapiga kelele.

Alivua jezi ile kwa haraka ya mtu aliyeingiliwa na siafu, akamrushia Kishada. Tulifungwa siku hiyo, maana shimo tulilochimba sisi halikuwa la kujazwa kwa kipindi kimoja; lakini katika kipindi cha pili wageni hawakupata nafasi ya kumsalimu mtu. Yule wa mkono wa kushoto alifunga mpaka nikaanza kufikiria upya vibao vya viti. Filimbi ya mwisho ilipolia, ofisa wa ligi aliandika majina ya waliokuwa uwanjani, na dada yangu alishuka, akanipa begi nilibebe mimi mpaka bwenini.

Mkuu alitazama kipindi chote cha pili akiwa kando yangu, taulo mabegani. Kila Kishada alipopaa, benchi lilikuwa likisema: kri, kri, kri. Lilikuwa goti la Mkuu. Nililisikia vizuri, na sikulitolea maoni.

Kamati imevunjwa kwa heshima zote. Fremu ya Kanuni imehamishiwa kwenye stoo yangu, uso ukitazama ukuta. Hata hivyo, mechi zinapochezwa na Mkuu akaingia uwanjani kukaa mahali pake, wanafunzi husimama na kumpokea kwa sauti moja, "Hafai! Kabisa!", naye huwapungia mkono. Afanyeje? Ndiyo tathmini pekee ya Kamati yetu iliyothibitika.